Kutengeneza na Kupiga Rangi Upya Gari la Familia Baada ya Ajali: Mwongozo kwa Mwenye Gari

Rangi ndiyo kazi ya mwisho katika matengenezo ya gari lililogongwa, na ndiyo pekee ambayo kila mtu ataiona. Hapo ndipo ugumu wa mwenye gari unapoanzia, kwa sababu rangi nzuri hufunika pati nene (uji mzito wa kusawazishia bati, ambao hukauka na kuwa mgumu), pati hufunika bati lililopasuka, na bati lililonyooshwa juu juu hufunika mhimili uliopinda, yaani boriti ya chuma inayobeba bodi. Mtu asiye fundi hawezi kusimamia kila nyundo inayopigwa, lakini anaweza kupanga mapema nyakati chache ambazo kazi itasimama mpaka awe ameona kwa macho yake kile kinachokaribia kufunikwa. Mwongozo huu umepangwa kufuata nyakati hizo.

Hatua ya kwanza: kabla gari halijaguswa

Watu wakishakuwa salama na majeruhi wakishahudumiwa, lipige picha gari lote kutoka pembe zake nne, kisha kila sehemu iliyoumia, kwa mbali ili ijulikane ni upande gani, na kwa karibu ili kina cha uharibifu kionekane. Piga pia picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na taa za tahadhari zilizowaka. Pata taarifa ya polisi pale sheria inapoitaka, na uiarifu kampuni ya bima kabla ya kumruhusu fundi yeyote kufungua hata skrubu moja, kwa kuwa mikataba mingi ya bima huweka muda wa kutoa taarifa, na kampuni inaweza kukataa kulipia kazi iliyoanza kabla mkadiriaji wake hajaliona gari.

Usijaribu kuwasha injini ili kuona kama gari bado ni zima. Tazama kwanza chini yake. Maji ya rejeta yakiwa yanavuja, dakika chache za injini kuunguruma bila kupoozwa zinaweza kupindisha silinda hedi (kifuniko cha chuma kilicho juu ya silinda za injini), na gharama ya injini mara nyingi huipita ile ya bodi. Ikiwa gari ni haibridi au la umeme, nyaya nene za rangi ya chungwa hubeba umeme wa volti nyingi, na fundi asiyefunzwa kwa magari hayo hapaswi kuzikaribia, hata kama ajali ilihusu kona ya bampa tu.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara katika gari la familia, nalo ni kiti cha mtoto. Plastiki yake inaweza kuwa na ufa usioonekana baada ya mshtuko mkubwa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huihesabu ajali kuwa ndogo kwa ajili ya viti hivyo pale tu masharti yote matano yanapotimia: gari liliweza kuendeshwa kutoka eneo la ajali, mlango ulio karibu na kiti haukuharibika, hakuna abiria aliyeumia, mifuko ya hewa haikufunguka, na kiti chenyewe hakina uharibifu unaoonekana. Sharti moja likikosekana, kiti kibadilishwe, na gharama yake iingizwe katika madai ya bima pamoja na taa na bampa.

Hatua ya pili: makadirio ya kazi

Bima inayowahusu watu wengine pekee haitalitengeneza gari lako, isipokuwa aliyekugonga ndiye mwenye kosa na bima yake inalipa. Bima kubwa hulipa, lakini karibu kila mara kuna kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe, na ni vizuri kukijua kabla ya kudai, kwa kuwa uharibifu mdogo unaweza kugharimu chini ya kiasi hicho. Upande wa pili wa mizani kuna gari ambalo matengenezo yake yanakaribia au kupita thamani yake. Kampuni inaweza kuamua kulipa thamani hiyo na kulichukua gari, na uamuzi huo usipingwe kwa mapenzi ya gari peke yake.

Makadirio yanayotolewa gari likiwa bado limefungwa ni ya kubahatisha. Bampa la plastiki hurudi katika umbo lake baada ya kugongwa, hivyo gari linaweza kuonekana limekwaruzika tu ilhali boriti ya chuma iliyo nyuma ya bampa imejikunja. Nyuma yake kuna pia povu la kufyonza mshtuko, fremu inayoshika rejeta na taa, kondensa ya kiyoyozi, rejeta yenyewe, na katika magari ya karibuni vihisi, kamera na rada. Omba bampa na taa ziondolewe kwanza, kisha makadirio yaandikwe. Gereji inaweza kutoza kiasi fulani kwa kazi hiyo ya kufungua, na kiasi hicho ni halali.

Makadirio mazuri huandikwa mstari kwa mstari. Kila kipande kionyeshwe kama kitanyooshwa au kitabadilishwa, na kama kitabadilishwa, ijulikane iwapo spea ni mpya ya mtengenezaji wa gari, mpya ya kuiga, au mtumba. Spea za mtumba hazina ubaya kwa milango na boneti, mradi hazina kutu wala pati ya zamani. Mikanda ya viti na mifuko ya hewa ni jambo jingine kabisa, kwa sababu historia yake haionekani kwa macho, na hapo mtumba haufai. Jumla moja ya fedha iliyoandikwa chini ya maneno “kunyoosha na rangi” haimfungi fundi kwa lolote.

Hatua ya tatu: kuchagua gereji

Watu wengi huomba kuonyeshwa gari lililokwisha kung'arishwa, na gereji yoyote ina moja la kuonyesha. Omba kuliona lililo nusu ya kazi, likiwa na bati tupu hapa na praima, yaani rangi ya msingi, pale. Hapo utaona kama pati ni nyembamba, kama mahali pa kupigia rangi pametengwa na vumbi la kusagia, na kama wapiga rangi huvaa barakoa zenye mrija wa hewa safi au hujifunga kitambaa usoni. Kipimo hiki cha mwisho hakihusu huruma peke yake. Hadiena (kemikali ya kukazia) ya rangi za kisasa za kuchanganya, zinazojulikana kama 2K, ina aisosianati, kemikali zinazoweza kuleta pumu ya kudumu, na gereji isiyojali mapafu ya mafundi wake ni nadra kujali mambo mengine yasiyoonekana.

Mkataba uwe wa maandishi, wenye muda wa kazi, dhamana ya rangi na ya kunyoosha, na kifungu kinachosema kwamba uharibifu wowote utakaogunduliwa baadaye utaelezwa kwa picha na kukubaliwa kabla ya kutengenezwa. Malipo yagawanywe kufuata nyakati za ukaguzi zitakazoelezwa hapa chini, na sehemu ya maana ibaki mpaka siku ya kuchukua gari.

Hatua ya nne: mifupa ya gari

Magari mengi ya familia hayana chasi inayojitegemea kama ya lori, kwani bodi yenyewe ndiyo hubeba kila kitu. Sehemu za mbele na nyuma zimeundwa zijikunje ili kufyonza nguvu ya mgongano, wakati chumba cha abiria kinabaki na umbo lake. Kwa hiyo mhimili uliojikunja umekwisha kutimiza kazi yake. Ukinyooshwa bila kufuata maelekezo ya mtengenezaji, unaweza kujikunja mapema au kuchelewa kujikunja katika ajali inayofuata, na mfumo unaoamua mifuko ya hewa ifunguke lini hutegemea mwenendo huo.

Hapa joto ni adui. Nguzo za milango na mihimili ya pembeni ya magari ya karibuni hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu ya juu sana, ambacho kikichomwa kwa moto wa gesi mpaka kiwe chekundu hupoteza nguvu yake bila kuonyesha dalili yoyote baada ya kupoa na kupakwa rangi. Vipande vya aina hiyo hubadilishwa, havinyooshwi. Muulize fundi moja kwa moja ni wapi anakusudia kutumia moto. Akijibu kwamba moto hulainisha kila chuma, kazi ya mihimili itafutiwe gereji nyingine.

Bodi huvutwa kwenye benchi maalumu inayolishika gari kwa uthabiti, na vipimo hulinganishwa na vile vya mtengenezaji. Gereji isiyo na mashine ya kielektroniki inaweza kupima kwa utepe urefu wa mshazari kati ya nukta zinazolingana za kushoto na kulia. Njia hiyo hufichua mpindo mkubwa, ingawa haitoshi kwa gari lililogongwa vibaya. Kilicho muhimu ni kwamba vipimo viandikwe na nakala yake uipate.

Huu ndio wakati wa kwanza wa kusimama. Nenda gereji kabla pati haijapakwa, na utake milango, boneti, fenda, taa na bampa viwe vimefungwa kwa muda ili uone mianya kati yao. Linganisha upande ulioumia na ule mzima. Mlango ufunguke na kufungwa bila kunyanyuliwa, na boneti ikae usawa mmoja na fenda pande zote mbili. Gari lipelekwe pia kupimwa alaimenti ya magurudumu, yaani mwelekeo na mkao wake, wakati huu, kabla ya rangi, kwa maana gurudumu lisiporekebishika kwa marekebisho ya kawaida, huenda bodi au kipande cha saspensheni bado kimepinda na gari lirudi kwenye benchi. Hakuna fundi atakayefurahia kulivuta tena gari lililokwisha kupigwa rangi, na hapo ndipo visingizio huzaliwa.

Mikanda ya viti inahitaji uangalifu wake. Mingi ina kifaa kinachoikaza ghafla wakati wa mgongano, nacho hutumika mara moja tu, hivyo mkanda uliokazwa na ajali hubadilishwa hata kama bado unavutika. Mfuko wa hewa uliofunguka hauwezi kukunjwa na kurudishwa. Iko hila ya kuzima taa ya tahadhari ya mifuko hiyo bila kutengeneza chochote, na njia ya kuitambua ni kutazama dashibodi unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa hiyo inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, imekatwa au imefunikwa.

Sehemu zilizochomelewa zipakwe praima ya kuzuia kutu, na ndani ya mihimili ipulizwe nta maalumu baada ya kazi ya rangi, kwa sababu kuchomelea huunguza kinga ya kiwandani pande zote mbili za bati.

Hatua ya tano: bati na pati

Pati si ubaya. Hata fundi hodari huihitaji kusawazisha mawimbi madogo ambayo nyundo haiwezi kuyamaliza. Ubaya ni kuitumia badala ya kunyoosha. Kanuni ya kawaida ni kwamba pati iliyokwisha kupigwa msasa isizidi takriban milimita 3. Ikiwa nene zaidi, hupasuka kwa mitikiso ya barabara na kwa joto linalotanua bati kwa kiwango tofauti na pati yenyewe. Huchanganywa na hadiena kwa kiasi kidogo, takriban asilimia 2 ya uzito wake. Fundi mwenye haraka huongeza hadiena ili ikauke upesi, na ziada hiyo inaweza kupenya hadi juu na kuacha madoa ya manjano kwenye rangi nyepesi.

Pati hunyonya maji, kwa hiyo hupigwa msasa mkavu. Ukimkuta fundi akiisugua kwa maji, jua kwamba unyevu unafungiwa chini ya rangi, na baadaye utatokea kama malengelenge au kutu. Kazi huanza na msasa mkali wa namba 80, kisha 120 au 180, hadi 240 au 320, na praima iliyo juu yake humaliziwa kwa namba 400 au 500. Kuruka namba kunaokoa nusu saa, lakini mikwaruzo ya msasa mkali hujitokeza baada ya wiki kadhaa, rangi inapoendelea kukauka na kusinyaa.

Bampa la plastiki lina taratibu zake. Mengi hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ambayo rangi haishiki bila kwanza kupakwa praima yake maalumu, na rangi inayobanduka kwenye bampa kama ganda la kitunguu karibu kila mara imetokana na kurukwa kwa hatua hiyo. Ikiwa nyuma ya bampa kuna rada, watengenezaji wengi huzuia pati mbele yake na huweka mpaka wa unene wa rangi, kwani mawimbi yake hupita humo.

Wakati wa pili wa kusimama ni sasa, gari likiwa katika praima. Pitisha kiganja taratibu juu ya sehemu iliyotengenezwa, ukifunika kiganja kwa kitambaa chembamba, kwa sababu mkono huhisi wimbi ambalo jicho halilioni kwenye rangi isiyong'aa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itashikamana vizuri na bati la chuma lenye pati nyembamba na kulegea au kuanguka penye pati nene. Usiitumie kwenye aluminiamu wala plastiki, ambako haishiki hata kidogo.

Hatua ya sita: rangi

Kila gari lina namba ya rangi, iliyoandikwa kwenye kibandiko au kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwenye magari ya Toyota, kwa mfano, hutanguliwa na herufi C/TR, na tofauti ya namba si jambo dogo: 040 ni nyeupe ya kawaida, ilhali 070 ni nyeupe ya lulu inayopigwa kwa matabaka matatu, na kipande cha moja kikipigwa kwa nyingine kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Namba hiyo ni mwanzo tu. Rangi ya namba moja hutofautiana kidogo kati ya awamu za kiwandani, na gari lililokaa juani miaka mingi limebadilika pia. Fundi mzuri hupiga kwanza kadi ya majaribio, huipaka klia (tabaka la juu lisilo na rangi), huiacha ikauke, kisha huilinganisha na gari nje kwenye mwanga wa mchana, akiitazama kutoka mbele na kutoka pembeni.

Rangi zenye chembe za metali ndizo zinazosumbua zaidi. Chembe hulala kwa namna tofauti kutegemea upepo wa bunduki ya kupulizia rangi, umbali wake na unyevu wa tabaka, hivyo mchanganyiko uleule unaweza kutoa rangi mbili kwa mikono miwili. Kwa sababu hiyo, mlango mmoja wa rangi ya fedha haupigwi peke yake. Rangi hufifishwa kidogo kidogo kuingia kwenye kipande jirani, kisha klia hupakwa juu ya kipande hicho chote mpaka ukingoni. Mwenye gari anayeona fenda nzima ikitajwa katika makadirio ya mlango hudhani anaibiwa. Mara nyingi hiyo ni dalili ya fundi anayejua kazi. Klia inayoishia katikati ya kipande, kinyume chake, huacha ukingo mwembamba ambao jua litaubandua.

Kabla ya bunduki kuwashwa, gari lisafishwe kwa kemikali ya kuondoa mafuta. Chembe ndogo ya silikoni, hata ile ya polishi ya dashibodi, hufanya rangi ijikusanye na kuacha vitundu vya duara. Vishikio, raba na taa viondolewe badala ya kubandikwa karatasi, kila inapowezekana, kwani ukingo wa rangi unaoishia kwenye raba ndio huanza kubanduka.

Kuhusu kukausha, neno “oveni” hutumiwa kwa mambo mawili tofauti. Kiwandani bodi tupu huokwa kwenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi, jambo lisilowezekana kwa gari kamili lenye plastiki na vifaa vya umeme. Gereji yenye oveni hulipasha bati hadi takriban nyuzi 60 kwa nusu saa hivi, na rangi za 2K zimetengenezwa kwa joto hilo. Zinaweza pia kukauka kwa hewa ya kawaida ndani ya usiku mmoja. Faida kubwa ya chumba kilichofungwa ni hewa iliyochujwa vumbi.

Hatua ya saba: kupokea gari

Lichukue mchana, likiwa limeoshwa na kukauka. Usilipokee jioni wala kwenye mvua, kwa kuwa taa za umeme na maji huficha tofauti za rangi. Simama kwenye kona ya gari na utazame ubavu wake wote kwa mshazari, ukifuata mstari wa jengo au nguzo unaoakisiwa: ukipindapinda, bati halijasawazika. Punje chache za vumbi na mchirizi mdogo hurekebishwa kwa msasa laini wa namba 1500 hadi 3000 na polishi. Vitundu vya silikoni, mikwaruzo ya msasa iliyo chini ya klia na rangi isiyolingana havirekebishwi kwa polishi, na ahadi kwamba “itatulia yenyewe” haipaswi kukubaliwa.

Liendeshe. Usukani ukae sawa kwenye barabara iliyonyooka. Zielekeze taa ukutani uone kama zinalingana kimo, jaribu kiyoyozi, madirisha na kufuli zote, kisha mwaga maji juu ya milango na buti na upapase zulia ndani. Ikiwa bampa lenye rada au kioo cha mbele chenye kamera kiliondolewa, dai hati ya kuonyesha kwamba mifumo hiyo imepimwa upya, kwa sababu breki inayojifunga yenyewe ambayo kihisi chake kinatazama upande usio sahihi ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Dai pia uonyeshwe spea za zamani zilizoondolewa. Ikiwa umebadilisha rangi ya gari lote, nchi nyingi hutaka mabadiliko hayo yaingizwe kwenye hati ya usajili.

Wiki za kwanza baada ya gereji

Rangi iliyokauka kwa kushikwa bado huendelea kukomaa ndani. Iosheni kwa maji na sabuni laini, si kwa mashine ya brashi, na msipake nta wala polishi yenye silikoni kwa siku 30 hadi 60, au kwa muda ambao mtengenezaji wa rangi ameutaja. Kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na matone ya petroli vioshwe siku hiyohiyo. Wiki hizi pia usishangae harufu ya thina ndani ya gari. Acheni madirisha wazi likiwa limeegeshwa mahali salama, hasa kabla ya kumpandisha mtoto mchanga.

Hifadhi pamoja picha za kila hatua, karatasi ya vipimo vya bodi, ankara na fomula ya mchanganyiko wa rangi. Mnunuzi wa baadaye anaweza kuja na kipima unene, na kwa kuwa rangi ya kiwandani huwa takriban mikroni 100 hadi 180 (mikroni 1000 ni milimita moja), atajua kwa sekunde chache kwamba mlango umerudiwa. Picha hizo ndizo zitakazomwonyesha kilicho chini yake. Kabla dhamana haijaisha, likague gari tena juani, ukitafuta mipaka ya pati iliyojichora, malengelenge kuzunguka sehemu zilizochomelewa na kingo za klia zinazonyanyuka. Ukiona chochote, kipige picha chenye tarehe na ukipeleke gereji kwa maandishi.